Bluu imeisha, fenoli imebaki: kisa cha poda ya titaniamu dioksaidi

Kisa chenyewe kiko hivi. Kikundi cha wanafunzi kimetengeneza poda ya titaniamu dioksaidi ya kusafishia maji, wakaijaribu na rangi ya methilini bluu chini ya taa, bluu ikaisha kabla hata kipindi cha maabara hakijaisha, wote wakafurahi na ripoti ikaandikwa kwamba poda inasafisha maji. Halafu mmoja wao akapata wazo zuri sana, akaweka fenoli, kemikali isiyo na rangi, badala ya bluu, poda ileile, taa ileile, na fenoli haikusogea kabisa. Wakaja kuniuliza poda imeharibikaje. Nataka nikipitie kisa hiki chote mwanzo mpaka mwisho kwa sababu karibu kila hatua yake ina kitu cha kusema, na kwa sababu ripoti za namna hii zimejaa kila mahali wakati uchafu unaodhuru watu kwenye maji mara nyingi hauna rangi yoyote, yaani ukiuangalia kwa macho unaona maji safi tu.

Kwanza poda inafanyaje kazi, kwa ufupi, maana bila hapo mengine hayaeleweki. Titaniamu dioksaidi ni semikondakta. Elektroni zake zimekaa kwenye bendi ya chini, juu yake kuna bendi nyingine tupu, na katikati kuna pengo la nishati. Fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, ikifika na nishati inayotosha kuvuka hilo pengo inamrusha elektroni juu na chini inabaki nafasi ambayo tunaiita tundu. Tundu linanyang'anya elektroni kutoka kwa maji au haidroksaidi iliyonata kwenye uso wa chembe na hapo inazaliwa radikali ya haidroksili, kipande cha molekuli chenye njaa kali ya elektroni, ambayo inashambulia karibu kila kitu chenye kaboni. Elektroni aliyerushwa juu naye lazima apate pa kwenda, na kwenye maji anachukuliwa na oksijeni iliyoyeyuka. Asipopata pa kwenda anarudi kwenye tundu lake, joto kidogo linatoka, na kazi yote imepotea. Haya mambo si mapya, Fujishima na Honda mwaka 1972 walionyesha elektrodi ya titaniamu dioksaidi ikimulikwa inapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni, na mwaka 1977 Frank na Bard wakaonyesha poda hiyohiyo inaweza kuiondoa sianidi iliyoko kwenye maji. Kwa hiyo hakuna ubishi kwamba kitu kinafanya kazi. Ubishi ni kama kinafanya kazi kwenye bika lako wewe.

Sasa utengenezaji. Walitumia njia ya soli-jeli, yaani unaanza na kimiminika chenye chembe ndogondogo (soli) kinachoganda taratibu kuwa jeli: titaniamu isopropoksaidi, kimiminika kinachochukia unyevu kiasi kwamba hata unyevu wa hewani tu unakigandisha mdomoni mwa chupa, wanakichanganya na isopropanoli kavu halafu wanadondoshea maji yenye asidi ya nitriki kidogo huku sumaku inakoroga. Nilimwomba mmoja wao arudie mbele yangu niuone mkono wake. Na ni hapo pa kuangalia kweli, kwa sababu tone la maji likitua sehemu ambayo haikorogwi vizuri linaacha hapohapo kidonge cheupe kigumu, na kidonge hicho hakivunjiki tena, utakuja kukikuta mwishoni kama changarawe ndani ya poda. Asidi ipo kwa ajili ya hilo, inapunguza kasi ya kuungana ili chembe zizaliwe ndogondogo na zisukumane badala ya kushikana. Huyu kijana mkono wake ulikuwa mzuri, anadondosha taratibu, anasubiri, kimiminika kinageuka maziwa kidogokidogo bila mabonge. Gramu 28.4 za isopropoksaidi, ambayo ni moli 0.1, haziwezi kukupa zaidi ya gramu 8 za titaniamu dioksaidi, na poda yao iliyokauka kabla ya kuchomwa ilikuwa inazidi hapo, jambo ambalo ni sawa kabisa kwa sababu bado ina maji na mabaki ya alkoholi. Wakaichoma nyuzi 450 kwa saa mbili, ikatoka nyeupe.

Eksirei ya poda, yaani kuimulika poda kwa eksirei na kuona inazirudisha kwa pembe zipi, ilionyesha kilele kikubwa karibu na digrii 25.3, hiyo ni anatasi, umbo mojawapo la fuwele za titaniamu dioksaidi, na kwenye 27.4 ambapo rutaili, umbo lake jingine, ingejitokeza hapakuwa na kitu. Upana wa kilele ulikuwa karibu digrii 0.4, ukiingiza kwenye mlinganyo wa Scherrer, unaogeuza upana wa kilele kuwa ukubwa wa fuwele, kwa eksirei ya shaba unapata fuwele za nanomita 20 hivi. Kwa chembe za duara za ukubwa huo na uzito wa gramu 3.9 kwa sentimita moja ya ujazo, hesabu inakupa eneo la uso karibu mita za mraba 77 kwa kila gramu moja. Hiyo ni poda nzuri. Niliwaambia hivyo siku ileile, kwamba poda haijaharibika, ina afya tele, tatizo litafutwe kwingine.

Nikauliza taa ni ipi. LED nyeupe, ya nguvu, ya kumulikia ukumbi.

Hapo ndo mzizi wa kisa. Pengo la anatasi ni kama elektrovolti 3.2 (elektrovolti ni kipimo cha nishati), na ukigawanya 1240 kwa 3.2 unapata nanomita 387, maana yake mwanga wenye urefu wa wimbi unaozidi hapo hauna nishati ya kumvusha elektroni. LED nyeupe ya kawaida ndani yake ni chipu inayotoa mwanga wa bluu wa karibu nanomita 450, imepakwa unga wa fosfa unaogeuza sehemu ya ile bluu kuwa njano, jicho likichanganya linaona nyeupe. Fotoni ya nanomita 450 ina elektrovolti 2.76 tu. Unaweza kuwasha taa hiyo mwezi mzima, ukaongeza taa ya pili na ya tatu, na bado hakuna fotoni hata moja inayofika 3.2, maana fotoni mbili dhaifu hazijumlishwi zikawa moja yenye nguvu. Mwangaza mkali machoni hauna uhusiano na hili, ni suala la kila fotoni kivyake. Poda ile ilikuwa imekaa tu kwenye maji, imemulikwa vizuri, na haijaamka.

Basi bluu ilienda wapi? Swali hili ndo zuri kuliko yote na wanafunzi wenyewe walilijibu bila kujua, kwa sababu kila walipotoa sampuli waliiweka kwenye sentrifuji, wakachukua maji ya juu kwenda kupima na mashapo ya chini wakayasuuza wakayatupa. Nikawaambia rudieni, safari hii msitupe, nionyesheni mashapo. Yakatoka ya bluu. Bluu imeiva kabisa chini ya kile kijichupa, na juu yake maji yasiyo na rangi. Yaani sehemu kubwa ya rangi haikuharibiwa na chochote, imehamia tu kwenye uso wa chembe, imenata. Na ina sababu ya kunata: methilini bluu kwenye maji ina chaji chanya, na uso wa titaniamu dioksaidi unakuwa na chaji hasi pH ikizidi takribani 6. Hivi viwili vinavutana. Ukiwa na mita za mraba 77 kwa gramu, umeweka gramu moja kwa lita, na rangi yenyewe ni miligramu 10 tu kwa lita, nafasi ya kunatia ipo ya kumwaga.

Kipimo cha kulikamata hili ni rahisi sana na walikuwa hawajakifanya: bika lilelile, poda ileile, rangi ileile, ila limefunikwa na foili, giza. Tulipolifanya bluu ikashuka karibu sawasawa na kwenye mwanga kwa dakika za mwanzo, halafu ikatulia. Huo mstari uliotulia ndo unaotakiwa uwe mwanzo wa jaribio, yaani unakoroga gizani mpaka usomaji haubadiliki tena, ndipo unawasha taa na unahesabu kuanzia hapo. Watu wengi wanaandika nusu saa gizani kwa sababu wameona wengine wameandika nusu saa, lakini hakuna dakika iliyoandikwa mbinguni, pima mpaka itulie, poda nyingine inatulia haraka na nyingine inakwenda saa nzima.

Ila giza halikueleza kila kitu. Chini ya LED bluu iliendelea kushuka polepole hata baada ya kutulia, na kilele chake cha kufyonza mwanga, cha nanomita 664, kilikuwa kinahamahama kuelekea mawimbi mafupi. Kuhama huko kunakwambia molekuli inanyofolewa vikundi vyake vya methili kimoja baada ya kingine, kwa hiyo hapa kuna kemia kweli. Lakini nani anaifanya? Rangi yenyewe. Methilini bluu inafyonza mwanga mwekundu, LED nyeupe inao huo mwanga, rangi ikishaufyonza inakuwa na nguvu ya kumrusha elektroni wake kwenye bendi ya juu ya titaniamu dioksaidi ambayo iko pale imekaa tupu, elektroni anakwenda kwa oksijeni, na molekuli ya rangi iliyobaki imejeruhiwa inaanza kuvunjika. Rangi inajimaliza yenyewe na poda imetumika kama njia ya kupitishia elektroni. Ukishaelewa hivi fenoli inaeleweka papo hapo: fenoli inafyonza karibu na nanomita 270, kwenye mwanga wa LED nyeupe haifyonzi chochote, haiwezi kujirusha, na poda nayo haijaamka. Pia hainati sana. Kwa hiyo haina njia hata moja ya kupungua, na haikupungua.

Kwa maoni yangu methilini bluu si kipimo kibaya, ni kipimo kinachodanganya kirahisi. Hata kiwango cha kimataifa ISO 10678, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2010, kinaitumia, lakini kwa nyuso zilizopakwa, chini ya UV (mwanga wa urujuanimno), na uso unashibishwa rangi kwanza ili kunata kusihesabiwe. Ukiitumia bila masharti hayo unapima kunata na kujimaliza kwa rangi, halafu unaandika asilimia.

Sasa kabla hawajanifikia walikuwa wamejaribu kujisaidia, na hiki kipande ndo kilichonipa uhakika kuliko vingine. Fenoli ilipokataa walidhani fuwele hazijakamilika, wakaichoma tena poda, safari hii nyuzi 800. Fenoli ikabaki palepale, na bluu nayo ikaanza kukataa, ikawa inapungua kidogo sana. Wakaona wameiua poda. Kumbe walikuwa wamefanya jaribio zuri la kulinganisha bila kukusudia. Kwenye nyuzi 600 mpaka 700 hivi anatasi inaanza kugeuka rutaili na fuwele zinavimba kwa kumezana, na eksirei ya poda ya pili ilikuwa na kile kilele cha 27.4 kimesimama wima na ni chembamba, rangi ya poda imekuwa ya krimu kidogo. Ukichukulia chembe za nanomita 80, eneo la uso linashuka toka 77 mpaka karibu 19 kwa gramu. Bluu ilishuka kwa kufuata eneo la uso. Pengo la rutaili ni dogo zaidi, elektrovolti 3.0, hiyo ni nanomita 413, kwa hiyo kama mwanga ndo ungekuwa unafanya kazi ungetegemea rutaili isipungukiwe sana au hata ipate afueni kidogo chini ya taa ya mwanga unaoonekana, lakini 413 bado haifiki kwenye 450 ya LED, na kilichobadilika kwa kweli ni nafasi ya kunata tu. Kijana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, tukishusha moto mpaka 300 je?" Hapana, hapo unabakiza kaboni na poda inatoka ya njano njano mpaka kahawia, na fuwele zenye kasoro nyingi ambako elektroni na matundu yanakutana na kufa kabla hayajafika juu. Hiyo 450 yao ilikuwa chaguo zuri toka mwanzo.

Tukabadilisha taa. UV-A ya nanomita 365, fotoni ya elektrovolti 3.4, hii inavuka pengo bila shida. Kioo cha kawaida cha bika kinaipitisha kwa kiasi kikubwa lakini tulimulika kutokea juu ili tusibishane na kioo. (Miwani ya UV na mikono iliyofunikwa, tafadhali, mwanga wa 365 hauumizi papo hapo ndo maana watu wanaudharau.) Ukiwa huna taa, jua linafaa, ingawa UV ni kama asilimia 4 mpaka 5 tu ya nishati ya jua inayofika chini, kwa hiyo inabidi uwe na subira na upime UV yenyewe, usihesabu saa tu maana wingu likipita umepoteza.

Fenoli ikaanza kushuka. Poda ileile ya 450, haijaguswa. Maji yakapata rangi ya chai nyepesi sana katikati ya jaribio na wanafunzi wakashtuka, lakini hiyo ni dalili njema, fenoli ikishambuliwa inapitia katekoli, haidrokwinoni na benzokwinoni, na hizi ndo zenye kutia hiyo rangi kabla nazo hazijavunjwa. Shida ni kwamba hizi nazo zinafyonza karibu palepale fenoli inapofyonza, kwa hiyo spektrofotomita, ile mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa, ikisoma 270 haijui inasoma nani. Wengine hapa wanaandika fenoli imebaki kumbe imekwisha imegeuka haidrokwinoni, na wengine kinyume chake. Inatakiwa uzitenganishe kwa kromatografia, au upime kaboni ya jumla iliyobaki kwenye maji, na kwangu mimi hiki cha pili ndo kipimo chenye heshima kwenye kusafisha maji, kwa sababu benzokwinoni si kitu unachotaka kumwachia mtu eti kwa vile fenoli imeisha. Miligramu 10 za fenoli kwa lita zina kaboni kama miligramu 7.7, anza na hiyo namba uone inafika wapi.

Ilifika mahali ikakwama. Fenoli imekwisha, kaboni imeshuka halafu imesimama, taa inawaka. Nikaangalia bika, limefunikwa vizuri na plastiki, limebanwa na mpira, wanasema ni kuzuia maji yasipungue kwa uvukizi. Fanya hesabu: molekuli moja ya fenoli inahitaji molekuli 7 za oksijeni ili iishe kabisa kuwa kaboni dioksaidi na maji, hiyo ni gramu 224 za oksijeni kwa gramu 94 za fenoli, kwa hiyo miligramu 10 za fenoli zinataka karibu miligramu 24 za oksijeni. Maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa yana kama miligramu 8 kwa lita. Umeziba mdomo, oksijeni imekwisha theluthi ya njia, elektroni hazina pa kwenda, zinarudi kwenye matundu yao na reaksheni inalala. Plastiki ikatolewa, hewa ikapulizwa kwa pampu ndogo, kaboni ikaanza kushuka tena. Nasisitiza hili kwa sababu vitabu vingi vinaandika oksijeni kwenye mlinganyo kama vile ipo tu, na kweli ipo, mpaka umeifungia nje.

Hapo ripoti ingeweza kuisha vizuri, ila walitaka maji halisi na mimi niliunga mkono. Wakachukua maji ya kisima, magumu, pH karibu 7.8, wakaweka fenoli kiasi kilekile, poda kiasi kilekile, UV, hewa. Kasi ikaanguka vibaya. Bluu kwa upande wake, waliijaribu pia, ikaendelea kupotea vizuri tu, na hapa unaona tena jinsi inavyoficha mambo, kwenye pH hiyo uso wa poda ni hasi zaidi, rangi inanata raha mustarehe.

Jibu la kwanza la kila mtu ni baikaboneti, kwamba inazimeza radikali. Inazimeza kweli, lakini tuweke namba kabla ya kuhukumu. Chukua baikaboneti miligramu 300 kwa lita, hiyo ni kama milimoli 4.9, na fenoli ya miligramu 10 ni milimoli 0.106, baikaboneti ni nyingi mara 46 hivi. Lakini fenoli inakamatana na radikali ya haidroksili kwa kasi ya kama 6.6 × 10⁹ kwa molari kwa sekunde, baikaboneti ni 8.5 × 10⁶ tu, tofauti ni mara 780 hivi. Ukigawanya, fenoli inapata radikali 17 kwa kila moja inayoliwa na baikaboneti. Kwa kiwango hicho cha fenoli baikaboneti si mwizi mkubwa wa radikali kiasi cha kueleza anguko lile. Ingekuwa fenoli ni miligramu 0.1 kwa lita hesabu inageuka kabisa, baikaboneti inachukua kama radikali 6 kwa kila moja ya fenoli, na hapo ndo unaelewa kwa nini jaribio la miligramu 10 halitabiri kitu kuhusu maji ambayo uchafu wake uko kwa maikrogramu, na maji ya mto yenye asidi za hiumasi, zile zinazotokana na mimea iliyooza, ni balaa zaidi maana hizo zina njaa ya radikali kuliko baikaboneti.

Kwa hiyo nini kiliangusha kasi? Ilikuwa inaonekana kwa macho. Kwenye maji yaliyochujwa ioni poda ilikuwa imetawanyika kama maziwa, hata ukizima sumaku inabaki juu. Kwenye maji ya kisima ukizima sumaku, muda mfupi tu maji ya juu yanaanza kung'aa na chini kuna tabaka jeupe, na sumaku ikiwa inazunguka unaviona vijidude vinapita kwenye mwanga, vijibonge. Chembe zimeshikana. Uso wao ni hasi na kalsiamu ina chaji mbili chanya, inakaa juu ya uso, inafuta ule msukumano uliokuwa unazitenga, zikigongana zinabaki pamoja. Chembe zilizoko katikati ya bonge haziioni taa na fenoli haizifikii. Tulithibitisha kwa kuvitenganisha: maji yaliyochujwa ioni yakatiwa sodiamu baikaboneti peke yake, kasi ikapungua kiasi ila maziwa yakabaki maziwa, bika jingine likatiwa kalsiamu kloraidi kwa ugumu uleule wa kisima, mabonge yakaja na kasi ikaanguka. Baikaboneti ina lawama yake kidogo, hasa kwa kukalia nafasi kwenye uso, lakini mkosaji mkubwa hapa ni kalsiamu.

Kuna mmoja akapendekeza wahamie zinki oksaidi, rahisi kutengeneza, zinki naitreti na sodiamu haidroksaidi tu, haihitaji kukwepa unyevu, na pengo lake linakaribiana na la anatasi. Nilimkatalia kwa maji ya kunywa. Zinki oksaidi inayeyuka kwenye asidi na kwenye alkali kali pia, na ikimulikwa inaliwa yenyewe taratibu na matundu yake, zinki inaingia majini. Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye zinki zaidi ya miligramu 3 kwa lita huenda watu wasiyakubali, na ukiweka gramu nzima ya poda kwa lita, kuyeyuka kwa asilimia 0.4 tu kunakupeleka juu ya hapo. Kama unafanya jaribio la darasani itumie, pima zinki mwishoni, lakini usiiite ya kunywesha watu.

Likabaki suala la kuitoa poda majini. Chembe za nanomita 20 zikiwa maziwa hazizami, filta ya kawaida zinapita, na ile ya maikroni 0.22 zinaiziba upesi. Yale mabonge ya kalsiamu yaliyoua kasi ndo hayohayo yanayosaidia kutoa poda, yanazama yenyewe. Kwa hiyo kuna mpango wa hatua mbili unaowezekana, unasafisha kwanza kwenye maji yaliyolainishwa ambako poda imetawanyika, ukimaliza unarudisha ugumu kidogo na poda inakaa chini uitumie tena. Kwa maabara inafurahisha, kwa matumizi halisi ni kazi nyingi mno na bado mabaki madogo yatabaki juu, na binafsi nadhani njia ya kwenda nayo ni kuifunga poda kwenye kitu, shanga za kioo au chembe za mchanga, ukubali kupoteza sehemu ya eneo la uso na upumzike na habari za kuchuja.

Hicho ndo wanachofanya sasa. Ripoti ya kwanza imeondolewa asilimia zake zote za bluu, imebaki na sehemu ya utengenezaji na eksirei ambazo ni sahihi, na zimeongezwa giza, UV, kaboni ya jumla na maji ya kisima pamoja na anguko lake lote bila kulificha. Shanga wanazipaka kwa ile soli kabla haijaganda na kuzichoma nyuzi 450, na nimewaambia jambo moja la kuchunga: wasitumie kioo cha kawaida cha chupa, kwa sababu kwenye moto huo sodiamu ya kioo inatambaa mpaka ndani ya tabaka na kuwa mahali pa elektroni na matundu kukutana na kufa, ama watumie kioo cha borosilikati, kile cha vyombo vya maabara, ama wapake kwanza silika chini, halafu wachukue shanga za aina zote mbili wazipime bega kwa bega na fenoli, kwenye maji ya kisima, UV imewashwa, bika wazi.